Kulinda mimea adimu katika ardhioevu ndogo ya msimu: mwongozo kamili

Ardhioevu ya msimu huharibiwa zaidi wakati wa kiangazi. Maji yamekauka, maua yamepukutika, pamebaki udongo uliopasuka na nyasi kavu, na anayepita anaona kiwanja kitupu: pa kuegesha trekta, pa kumwaga kifusi, pa kukatisha njia. Kumbe mimea adimu ya mahali hapo haijaenda popote. Imo ndani ya sentimita chache za juu za udongo, ikiwa mbegu, kitunguu, kiazi au kifuko cha spora, ikingoja mvua. Gurudumu zito likipita hapo huisagasaga, huifukia, na huacha mfereji unaopotosha njia ya maji kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa anayetunza eneo dogo, la ekari moja hadi kumi hivi, bila askari wa hifadhi wala bajeti kubwa: familia yenye shamba, shule, kikundi cha wanakijiji, wanachama wa klabu ya mazingira. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Watu wengi huanzia mwisho. Hununua miche, wakapanda, wakaweka bango. Mimi nasema linda kwanza mwenendo wa maji na ule udongo wa juu. Vikibaki salama hivyo viwili, sehemu kubwa ya kazi itafanywa na mimea yenyewe. Vikiharibika, hakuna kitalu kitakachokuokoa.

Hatua ya 1: Yajue maji kabla ya kugusa chochote

Maeneo haya hujaa kwa sababu chini yake kuna tabaka lisilopitisha maji: mfinyanzi mzito, mwamba, au udongo ulioshikamana ukawa mgumu. Maji ya mvua yakilifikia hukosa pa kwenda, hutuama, kisha huondoka polepole kwa kugeuka mvuke na kunywewa na mimea. Maisha hapo ni magumu, na ugumu huo ndio ngome ya mimea adimu. Mimea ya nchi kavu huzama ikafa, ya majini hukauka ikafa, ikabaki michache iliyozoea mafuriko na ukame ndani ya mwaka mmoja. Huko Namibia kuna mmea mdogo uitwao Chamaegigas intrepidus, unaoishi katika vidimbwi vya mvua juu ya miamba. Hukauka kwa miezi mingi mpaka uonekane umekufa, na maji yakirudi majani yaleyale hufufuka. Katika Bonde la Kati la California, maua ya Lasthenia huchanua kwa miviringo ya manjano kuzunguka vidimbwi kadiri maji yanavyopungua.

Anza kupima. Weka nguzo yenye alama za sentimita mahali penye kina kuliko pote. Iweke wakati pamekauka, na usiichimbie chini sana: ukitoboa tabaka gumu, umefungua tundu la kuvujisha maji ya hifadhi nzima. Kama tabaka liko karibu, funga nguzo kwenye jiwe zito ulisimamishe juu ya udongo. Soma kina mara moja kwa wiki na baada ya kila mvua kubwa. Tarehe tatu zisikukose: siku maji yalipoanza kutuama, siku yalipofika juu kabisa, na siku kidimbwi cha mwisho kilipokauka. Kipimo cha mvua pembeni, hata cha kujitengenezea kwa chombo chenye kuta zilizonyooka, kitakusaidia kutofautisha mwaka mbaya wa mvua na tatizo la eneo lenyewe.

Siku maji yanapofika juu kabisa, zungusha vigingi kwenye ukingo wake. Yanapopungua, kila wiki mbili ongeza mzunguko mwingine wa vigingi vya rangi tofauti. Mwisho wa msimu utakuwa na ramani ya mizunguko, na hiyo ndiyo ramani muhimu kuliko zote utakazowahi kuwa nazo. Tofauti ya mwinuko wa sentimita tano tu hubadili idadi ya siku ambazo udongo hukaa ndani ya maji, na siku hizo ndizo zinazoamua ni mmea gani uote wapi. Fanya hivi kwa misimu miwili walau kabla ya kufanya uamuzi wowote mkubwa.

Kuna jambo moja nalikataza bila masharti: usichimbe ili maji yakae mwaka mzima. Wazo hili hutolewa kwa nia njema karibu kila mahali, na huua. Maji yakiwa ya kudumu huingia samaki, hufuata matete na mafunjo, na ile mimea mifupi iliyohitaji udongo mtupu uliolowa hufunikwa ikaisha. Vivyo hivyo mwaka wa mvua haba usilete maji ya bomba au ya kisima. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi na virutubisho ambavyo maji ya mvua hayana, na mimea hii imezoea maji maskini. Mwaka mmoja mkavu haui mbegu zilizolala. Acha pakauke.

Hatua ya 2: Tambua, hesabu, na usihadaike na mwaka mmoja

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimea mingi adimu ya ardhioevu za msimu ni mifupi kuliko kidole, na anayepita kwa miguu huiona kama ukungu wa kijani tu. Piga magoti, chukua lenzi ya mkononi, tazama.

Tembelea mara tatu kwa msimu: maji yanapoanza kujaa, yanapokuwa juu, na yanapokauka. Kila kipindi kina mimea yake, na wengi hukosa mimea ya kipindi cha tatu kwa sababu wameshaacha kuja. Piga picha ya ua, jani kwa juu na kwa chini, tunda, na mmea mzima pamoja na rula. Kwa jamii za ndago na nyasi ua peke yake halitoshi. Pata picha ya mbegu iliyokomaa. Peleka picha kwa herbaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya chuo kikuu au makumbusho yaliyo karibu nawe. Usikate sampuli ya mmea unaodhani ni adimu kabla ya kupata kibali, kwani nchi nyingi zina sheria juu ya hilo.

Katika kuhesabu, vuta kamba kutoka kitovu cha kidimbwi hadi nchi kavu, ipite mizunguko yote ya vigingi. Kila baada ya mita mbili weka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, hesabu kilichomo, andika na mzunguko uliomo. Mwaka unaofuata rudi kwenye kamba ileile na alama zilezile. Panapokuwa hakuna mmea andika sifuri. Sifuri ni taarifa, nafasi tupu kwenye daftari si taarifa.

Tegemea idadi kuyumba vibaya. Mimea ya mwaka mmoja inaweza kuwa maelfu msimu huu na kumi msimu ujao, kisha ikarudi maelfu. Sababu ni kwamba mbegu hazioti zote pamoja: sehemu huota, sehemu hubaki udongoni kama akiba dhidi ya mwaka mbaya. Uingereza ilishuhudia mmea uitwao Damasonium alisma ukiibuka tena kwenye vidimbwi vilivyosafishwa baada ya kutoonekana kwa miaka mingi. Kwa hiyo usitangaze kwamba mmea umetoweka kwa kuukosa msimu mmoja, na usitangaze ushindi kwa sababu ya msimu mmoja uliostawi.

Unaweza kuchungulia akiba hiyo. Wakati wa kiangazi chota vijiko vichache vya udongo wa juu, usizidi sentimita tatu kwenda chini, kutoka sehemu kumi hivi za mzunguko mmoja. Changanya, tandaza kwa unene wa sentimita moja juu ya mchanga safi katika trei mbili. Trei moja ilowe tu, nyingine izame chini ya maji kidogo. Yatakayoota ndani ya miezi michache yatakuambia nani amelala hapo, yakiwemo magugu ambayo bado hujayaona juu ya ardhi.

Kama una mmea uliomo katika Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, soma daraja lake kwa makini. Moja ya vigezo husema spishi yenye mimea iliyokomaa chini ya 50 duniani kote iko hatarini mno kutoweka. Chini ya 250, iko hatarini. Chini ya 1,000, iko katika hali tete. Hesabu hizo ni za spishi nzima, si za hifadhi yako, lakini zinakuonyesha uzito wa kundi dogo linaloota mlangoni pako.

Neno la mwisho hapa: ficha mahali. Usichapishe mtandaoni picha zenye alama za eneo, wala usitoe namba za GPS kwa asiyezihitaji. Orkidi, mimea inayokula wadudu na mimea ya vitunguu ina wanunuzi. Familia nzima ya orkidi imo katika majedwali ya CITES, mkataba wa 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa sababu biashara hiyo ni ya kweli.

Hatua ya 3: Toka nje ya uzio

Maji yako hayaanzii kwenye uzio. Siku ya mvua kubwa vaa buti za mpira, tembea ukipandisha maji yanakotoka mpaka ufike kwenye mgongo wa ardhi ambako maji hugawanyika. Chora. Eneo lote hilo ndilo hifadhi yako halisi, hata kama hati inasema vingine.

Sasa tafuta kinachobadili kiasi au usafi wa maji. Mtaro wa barabara unaweza kuyachepusha yasikufikie kabisa, au kukuletea ya kijiji kizima pamoja na mafuta na tope. Mbolea ya chumvichumvi na samadi kutoka shambani hulisha mwani na majani marefu, nayo hufunika mimea mifupi. Miti inayokua haraka na kunywa sana, kama mikaratusi, ikipandwa ukingoni hufupisha muda wa maji kutuama. Paa kubwa, maegesho na uwanja wa saruji huleta maji mengi kwa ghafla.

Mengi ya hayo hurekebishwa kwa mazungumzo: ukanda wa nyasi za asili kati ya shamba na ardhioevu, mbolea kuwekwa nyakati zisizo za mvua kubwa, mtaro kugeuzwa mdomo. Watu huuliza upana wa ukanda huo. Sipendi kutaja mita, kwa sababu kwenye mteremko wenye udongo mtupu mita thelathini ni chache, na penye tambarare yenye nyasi nzito hata kumi hufaa. Simama hapo wakati wa mvua uone kama maji yanaingia yakiwa na rangi ya udongo. Kama ndiyo, ukanda hautoshi.

Hatua ya 4: Karatasi na watu

Hakikisha unajua mwenye ardhi ni nani, mipaka iko wapi, na nani ana haki ya kupita, kuchunga au kuchota udongo. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kati ya ndugu.

Utakutana na ofisa atakayesema kwamba ardhi kavu si ardhioevu. Jibu unalo. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971, unatambua katika tafsiri yake ya ardhioevu zile za kudumu na za muda pia, za asili na zilizotengenezwa. Mwaka 2002, katika mkutano wa Valencia, nchi wanachama zilipitisha mwongozo mahsusi kuhusu vidimbwi vya muda. Peleka maandishi hayo pamoja na picha mbili za sehemu ileile, moja ikiwa na maji na moja bila maji. Picha hizo zitakusaidia kuliko hotuba.

Wanaotumia eneo wawe mezani mapema. Mzee aliyechunga pale tangu utotoni anajua maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko, na ua gani halionekani siku hizi. Mwambie unalotaka kulinda na msikilize. Ukimfungia nje kwa waya bila neno, umepoteza mlinzi na kupata mtu mwenye kinyongo.

Hatua ya 5: Miguu, magari na mbwa

Marufuku ya kwanza ni gari, hasa wakati wa kiangazi. Magogo, mawe makubwa au shimo refu la kuzuia, vyote viwe nje ya kidakio cha maji (eneo lote linalokuletea maji), hufanya kazi kuliko bango.

Njia ya wageni ipite juu, nje ya mzunguko wa mwisho wa vigingi, na iwe na sehemu moja tu ya kuchungulia karibu. Hapo weka jukwaa la mbao lililoinuliwa kwa miguu ya mbao au mawe, mbao zikiachana ili mwanga na maji vipite. Watafiti na wapimaji nao wafuate mstari mmoja, kila mara uleule. Bora ukanyagike ukanda wa nusu mita kuliko kutawanya nyayo kila mahali. Siku za tope laini, yaani maji yameondoka lakini udongo haujashika, asiingie mtu. Hicho ni kipindi cha miche kushika mizizi, na kila unyayo huacha shimo linalokaa na maji kivyake.

Buti na zana zisuguliwe kwa brashi, zioshwe na kukaushwa kabla ya kuingia. Mbegu za magugu husafiri kwenye soli, na pia vimelea vya ukungu vinavyoua vyura. Fanya hivyo hata ukitoka kidimbwi kimoja kwenda kingine ndani ya hifadhi yako.

Hatua ya 6: Nyasi, mifugo na kosa la kufungia kila kitu

Hapa ndipo watunzaji wenye moyo safi hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukishaweka uzio na kuondoa mifugo, mwaka wa kwanza pananawiri. Mwaka wa tatu nyasi ndefu, hasa za kigeni, zimejaa. Zikifa huacha tandiko nene la majani makavu, na mbegu ndogo inayohitaji mwanga haiwezi kuota chini yake. Nyasi hizo pia hunywa maji mengi. Utafiti uliofanyika kwenye vidimbwi vya msimu vya Bonde la Kati la California, ukachapishwa 2005, ulionyesha kwamba vidimbwi vilivyoondolewa ng'ombe vilikauka wastani wa siku 50 kwa mwaka mapema kuliko vile vilivyoendelea kuchungwa, na nyasi za kigeni ziliongezeka. Siku 50 kwa kiumbe ambaye maisha yake yote ni miezi michache ni hukumu ya kifo.

Hiyo haina maana kwamba ufungue geti leo. Uliza kwanza: eneo hili limekuwa na wanyama wakubwa walao nyasi, wa porini au wa kufugwa, kwa vizazi? Kama ndiyo, mimea yake huenda inategemea midomo hiyo. Kama halijawahi kuchungwa, usianzishe; tumia mundu.

Ukiamua kuchunga, muda ndio kila kitu. Ingiza wanyama wachache baada ya mimea adimu kudondosha mbegu, udongo ukiwa umekauka na kushika. Kama nyasi za kigeni zinaota kabla ya mimea yako, unaweza kuwaingiza tena kwa siku chache mapema msimu unapoanza, ilimradi hakuna tope. Watoe mara nyasi zinapofika kimo cha kiganja, na bila kukosa kabla maua adimu hayajafunguka. Wasilale humo, wala wasilishwe chakula cha kuletewa humo, maana samadi na mbegu za kigeni zitajaa. Wakikanyaga mpaka pakawa na mashimo ya kwato, umechelewa kuwatoa. Mbuzi huchagua, na mara nyingi huchagua kile unachokilinda; ng'ombe hukata kwa ujumla zaidi.

Bila mifugo, fyeka kwa mundu au fyekeo kwa wakati uleule, kisha kusanya majani yote na kuyatoa nje ya kidakio. Kufyeka bila kukusanya ni kutengeneza tandiko kwa mikono yako. Moto ni chombo cha wataalamu wenye kibali, na kwenye ekari tatu karibu na nyumba za watu mimi siupendekezi.

Lolote uchagulalo, lijaribu kwenye nusu ya eneo kwanza, nusu nyingine ibaki kama ilivyo. Kamba zako za kuhesabia zipite pande zote mbili. Baada ya misimu mitatu utajua jambo la hifadhi yako mwenyewe ambalo hakuna mwongozo ungeweza kukuambia.

Hatua ya 7: Magugu na mimea vamizi

Akina dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, walijenga mbinu ya kurejesha misitu ya asili ambayo inafaa kabisa hapa: anza kung'oa palipo pazuri zaidi, songa polepole kuelekea palipoharibika, sumbua udongo kidogo uwezavyo, na usisonge mbele haraka kuliko mimea ya asili inavyoziba mapengo. Silika ya wengi ni kuvamia kichaka kibaya kuliko vyote. Hapo huchosha watu, huacha udongo wazi, na magugu hurudi maradufu huku yale machache ya upande mzuri yakipata nafasi ya kumwaga mbegu.

Ng'oa udongo ukiwa na unyevu, kabla gugu halijafanya mbegu. Shika shingoni mwa mmea, legeza kwa uma mdogo, vuta, kisha bonyeza udongo urudi mahali pake. Kila mng'oaji apewe kwanza picha ya mmea adimu ukiwa mche, kwa sababu miche hufanana, na mahali mmea huo ulipo pawekewe vigingi. Dawa za kuua magugu usizitumie majini wala katika udongo unaojaa maji, isipokuwa umeshauriwa na mtaalamu na lebo yenyewe inaruhusu matumizi hayo. Hata hapo, kupaka shina moja moja kwa brashi ni bora kuliko kupulizia.

Hatua ya 8: Wachavushaji, na suala la mbu

Ua lisilotembelewa halizai. Wachavushaji wengi wa mimea hii ni nyuki wa pekee, wasioishi mizingani, na hujenga viota vyao ardhini katika udongo mkavu ulioinuka pembeni. Baadhi ya nyuki wa jenasi Andrena huko California hukusanya chavua ya maua ya vidimbwi vya msimu tu. Kwa hiyo ile ardhi ya juu inayoonekana haina kazi ni sehemu ya hifadhi: isilimwe, isimwagiwe kifusi, na ibaki na mabaka ya udongo mtupu. Mizinga mingi ya nyuki wa asali iwekwe mbali.

Majirani watauliza kuhusu mbu, na wana haki. Mbu, wakiwemo waenezao malaria, huzaliana katika maji ya muda. Usiwadanganye kwamba hakuna hatari. Waeleze kwamba kidimbwi chenye afya kina mende wa maji na viluwiluwi vya kereng'ende wanaokula viluwiluwi vya mbu, lakini vyandarua na kufukia makopo na madimbwi ya magari kuzunguka nyumba bado ni lazima. Panapohitajika dawa, kuna bakteria aitwaye Bti, ambaye hulenga viluwiluwi vya mbu na jamaa zao wa karibu. Maofisa wa afya ya umma wa eneo lako watajua namna ya kumtumia. Unachopaswa kukikataa ni mafuta juu ya maji, sumu za kawaida za wadudu, na samaki wa Gambusia. Samaki hao walisambazwa duniani ili wale mbu, wakala pia viumbe wengine wadogo wa asili.

Hatua ya 9: Akiba ya mbegu nje ya hifadhi

Hata ukitunza vizuri, ajali moja ya mafuta au bomba la maji taka inaweza kumaliza kundi lote. Weka akiba, kwa kibali.

Dirisha la kukusanya ni fupi, mara nyingi wiki moja au mbili maji yanapokauka. Mbegu imekomaa ikiwa imegeuka rangi, ganda limekauka, na inadondoka kwa kuguswa. Kanuni ya benki za mbegu ni kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Kwa mmea wa mwaka mmoja katika eneo dogo, mimi ningekaa chini ya asilimia 10, na mwaka mbaya nisingechukua kabisa. Chukua kidogo kidogo kutoka mimea 50 au zaidi, kutoka mizunguko yote, ili upate urithi mpana. Usichague mirefu na mizuri tu.

Tumia mifuko ya karatasi au kitambaa, plastiki huvundisha. Kila mfuko uandikwe jina, tarehe, mzunguko na idadi ya mimea mama. Anika kivulini penye hewa. Benki za mbegu hukausha kwenye nyuzi joto 15 na unyevu wa hewa wa asilimia 15, kisha huhifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiwa nyumbani, chupa isiyopitisha hewa yenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ndani ya jokofu huzihifadhi kwa muda mpaka uzifikishe kwenye benki rasmi. Nyingi hupokea na kushirikiana na watunzaji wadogo, na mbegu za Wakehurst nchini Uingereza, katika benki ya bustani ya mimea ya Kew iliyofunguliwa 2000, zilikusanywa na washirika wa nchi nyingi. Gawa mbegu katika sehemu mbili zilizo mbali. Kabla ya kukausha, uliza kuhusu spishi yako, kwa sababu mbegu za baadhi ya mimea ya majini hufa zikikaushwa.

Hatua ya 10: Kurudisha mmea uliopotea

Panda pale tu ambapo mmea ulikuwepo, sababu ya kupotea kwake imeondolewa, na umeshasubiri misimu kadhaa kuona kama akiba ya udongoni itaibuka yenyewe. Tumia mbegu za palepale. Zikikosekana, za kidimbwi cha karibu zaidi chenye udongo na muda wa maji unaofanana. Usihamishe udongo kutoka eneo lingine kuokoa muda, kwani utahamisha na magugu yake.

Tawanya mbegu juu ya udongo mkavu kabla ya mvua, katika mizunguko mitatu inayofuatana, maana huwezi kujua kwa hakika ni upi unaoufaa. Bonyeza kwa kiganja, usifukie. Bakiza nusu ya mbegu zako kwa mwaka mwingine. Mwaka wa kwanza kuona maua si ushahidi wa kufaulu. Subiri mimea iliyotokana na mbegu za ile uliyootesha, tena ipitie mwaka mkavu mmoja.

Hatua ya 11: Daftari

Weka faili moja la karatasi na nakala yake mahali pengine. Liwe na ramani ya mizunguko, tarehe za maji kila mwaka, hesabu za fremu, picha zilizopigwa kutoka vigingi vilevile kila msimu, siku mifugo ilipoingia na kutoka, magugu yaliyong'olewa na wapi, mbegu zilizochukuliwa na ziliko. Andika na sababu za kila uamuzi, pamoja na yale uliyokusudia kutofanya na kwa nini, ili atakayekupokea asije akachimba bwawa. Ramani yenye mahali halisi pa mimea adimu ikae katika bahasha tofauti, na majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kuifungua yaandikwe juu yake.